Likasi: Nyumba za kuuzisha ni chache, na kila moja iko na wenyewe wengi

Mtu akitembea kwa miguu katika miji yetu ya Congo, na Likasi iko ndani, anasoma kwenye ukuta maneno yaliyopakwa kwa rangi: «Cette parcelle n'est pas à vendre». Parsele hii haiuzishwe. Mgeni anaweza kucheka. Katika miji mingine ya dunia watu wanaweka kibao kama wanauza. Kwetu wanaandika kama hawauzi.

Maneno yale yanaeleza soko letu la nyumba kuliko tangazo lolote. Mwenye nyumba anaogopa kwamba mtu mwingine, pengine ndugu yake mwenyewe, ataiuzisha wakati yeye hayupo. Na mtu anayetafuta nyumba ya kununua, akipita aveni kwa aveni, anakuta nyumba nyingi lakini za kuuzisha haoni. Zile chache anazoonyeshwa, hajui kama anayeongea naye ndiye mwenyewe.

Kwa nini katika muji mkubwa hivi nyumba za kuuza hazionekani? Na mnunuzi afanye nini ili feza aliyoikusanya miaka kumi isipotee siku moja?

Muji uliojengwa na kampuni

Mwanzo wa shida uko katika historia. Likasi, ambayo mpaka 1966 iliitwa Jadotville, haikujengwa na watu waliokuja kununua kiwanja kila mmoja na nyumba yake. Ilijengwa na kazi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilijenga viwanda Panda na Shituru, na karibu na viwanda ikajenga kampi za wafanyakazi. Njia ya reli nayo ikajenga za kwake. Nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara, kama vile unga na shule ya watoto. Ulikaa ndani kwa sababu ulikuwa kazini. Kazi ikiisha, unarudisha funguo.

Kampuni iliingia mikononi mwa Serikali kuanzia Januari 1967, na baadaye ikapata jina la Gécamines. Lakini nyumba ziliendelea vilevile. Kwa hiyo vizazi viwili, vitatu vya watu wa Likasi walikaa katika nyumba nzuri bila kununua na bila kuuza. Soko la nyumba halikupata nafasi ya kuzaliwa katika kampi. Kikula, kwenye cité, watu walikuwa na parsele zao, lakini hata pale karatasi ya kawaida ilikuwa ile ya kuonyesha kwamba unakaa. Haikuwa karatasi ya kuuzia.

Halafu kampuni ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imeshuka chini ya tani 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 na 2004, kwa msaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango ule ulioitwa «départs volontaires». Wengi wanasema mpaka leo kwamba ule «volontaire» haukuwa wa kupenda. Katika miaka ile ya shida nyumba nyingi za kampi zilitoka kwa kampuni zikapita kwa wafanyakazi waliokaa ndani.

Hapa ndipo jambo la kwanza linaeleweka. Kwa mzee aliyefanya miaka 30 Gécamines, nyumba ndiyo kitu pekee kilichobaki. Ni pensheni yake. Chumba cha nyuma anapangisha, barazani mama anauzisha makala na mafuta, uani wajukuu wanalala. Mtu kama huyu hawezi kuuza kwa sababu bei imepanda kidogo. Anauza siku amelazimika: ugonjwa mkubwa, kilio, deni, ama mtoto anayetaka kwenda Lubumbashi au Kolwezi kutafuta maisha. Ndiyo maana nyumba inayoingia sokoni karibu kila mara inaingia kwa haraka na kwa siri.

Bei isiyojulikana

Jambo la pili ni habari. Likasi hakuna fasi moja ambako mnunuzi anakwenda kuona nyumba zote zinazouzwa na bei zake. Habari inapita kwa mdomo: kanisani, sokoni, kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa kartye, na zaidi kwa makomisioneri, wale vijana na wazee wanaojua nani anataka kuuza.

Komisioneri si adui. Bila yeye, mnunuzi anaweza kuzunguka mwaka mzima. Lakini kazi yake inakaa juu ya kitu kimoja: yeye anajua na wewe haujui. Kama nyumba zote zingeonekana, hangekuwa na cha kuuzisha. Kwa hiyo mara nyingi anaficha jina la mwenye nyumba mpaka mwisho, na nyumba moja inapita kwa makomisioneri watatu ama wane, kila mmoja akiongeza kidogo yake juu. Mwenye nyumba amesema bei moja, mnunuzi anasikia nyingine, na kati yao hakuna aliyeonana na mwenziwe.

Katika hali hiyo bei inatengenezwa na uvumi. Mtu anasikia kwamba nyumba ya aveni ya pili ilipata bei fulani, lakini hajui kama ilikuwa na setifika, kama maji ya Regideso yanafika, kama iliuzwa kwa jamaa ama kwa mgeni. Anachukua ile bei na kuiweka kwa nyumba yake. Jirani anafanya vile. Na kwa sababu nyumba zilizouzwa kweli ni chache, hakuna wa kumrudisha chini.

Kuna pia mwendo wa kampuni za mine. Likasi iko kilometa kama 120 kutoka Lubumbashi, Kambove iko karibu, na barabara ya Kolwezi inapita hapa. Mtu wa kampuni akija na dola, wenye nyumba wote wanasikia. Lakini inafaa kujua kwamba kisheria kampuni haiwezi kupata «concession perpétuelle», haki ile ya kukaa bila mwisho. Hiyo sheria imewekea Mcongomani, mtu mwenyewe, na si shirika wala mgeni. Wengine wanapata haki ya muda, mpaka miaka 25, inayoweza kurudiliwa. Kwa hiyo mwenye nyumba anayengojea kampuni ije kununua parsele yake kwa bei ya mine anaweza kungojea sana. Kile mtu wa kampuni anachotafuta kwa kawaida ni nyumba ya kupanga.

Na banki? Kwa mwalimu, muuguzi, ama mchuuzi wa soko, mkopo wa nyumba wa miaka 15 au 20 ni hadithi ya inchi zingine. Ananunua kwa feza ya mkononi, yote mara moja ama kwa vipande viwili vitatu. Hapo ndipo hatari iko. Mtu mwenye mkopo, banki inamchunguzia karatasi kwa sababu inaogopa feza yake. Mtu wa feza ya mkononi hana wa kumchunguzia.

Nyumba moja, wenyewe saba

Chukueni mfano, si wa familia fulani, lakini kila mtu wa Panda ataujua.

Baba alifanya kazi Gécamines, akabaki na nyumba. Alikufa. Ameacha mjane na watoto watano: wawili wako hapa, mmoja Lubumbashi, mmoja Kolwezi, mmoja Afrika ya Kusini. Mtoto mkubwa ndiye anashika karatasi. Anakutana na mnunuzi, wanapatana dola 15,000.

Nyumba ile ni ya nani? Kode ya familia, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa 2016, inasema watoto wanachukua robo tatu za urithi, kwa sehemu sawa, mwanamke kama mwanaume. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokaa na bwana yake. Na kama nyumba ilikuwa mali ya wote wawili, sehemu ya mama haiingii katika urithi hata kidogo, ni yake.

Tufanye hesabu rahisi, kama nyumba yote ilikuwa ya baba. Robo tatu za dola 15,000 ni dola 11,250. Kwa watoto watano, kila mmoja anapata dola 2,250. Kwa hiyo yule mkubwa anayeuza peke yake anauzisha kitu cha dola 15,000 wakati sehemu yake ni 2,250.

Hesabu hii inaeleza mambo mawili kwa mara moja. Kwanza, kwa nini familia zenye kusikilizana haziuzi. Dola 2,250 hainunui nyumba nyingine Likasi. Mama ataenda wapi? Basi wanasema tuache, nyumba ibaki ya familia. Hiyo ni nyumba moja zaidi isiyoingia sokoni. Pili, kwa nini yule anayeuza mara nyingi anauza kwa kificho. Akiwaita wote mezani, anabaki na 2,250. Akifanya usiku, anabaki na zote. Na ndugu zake, kwa kuogopa hivyo, wanapaka rangi kwenye ukuta.

Mnunuzi aliyelipa dola 15,000 katika hali hii hajanunua nyumba. Amenunua kesi. Mtoto wa Afrika ya Kusini akirudi Noeli na kukuta mtu mwingine katika nyumba ya baba yake, hataenda kwa kaka yake kwanza. Atabisha kwa huyo mnunuzi.

Kuna jeraha lingine ambalo Likasi haizungumzi sana. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa machafuko ya Katanga, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao. Zililala mashuleni na kwenye gare, zikipanda treni zilipoweza. Nyumba zingine ziliuzwa kwa bei ya kukimbia, zingine ziliachwa, zingine zilichukuliwa tu. Miaka zaidi ya 30 imepita, nyumba zile zimebadilisha mikono mara mbili, tatu. Anayeuza leo anaweza kuwa mtu mwema kabisa aliyenunua kwa moyo safi. Lakini kama mnyororo wa karatasi unakatika mwaka 1992, mnunuzi anapashwa kuuliza kwa nini.

Karatasi ipi ni karatasi?

Katika mazungumzo ya kartye kila mtu anasema «iko na karatasi». Swali ni karatasi ipi.

Sheria ya 20 Julai 1973 juu ya mali na udongo, ile namba 73-021, pamoja na mabadiliko yake, inaanza na neno zito: udongo wote ni wa Serikali. Mtu haununui. Anachopata ni haki ya kuutumia, na juu yake nyumba aliyojenga ni mali yake. Haki hiyo inaonekana kwa karatasi moja tu, certificat d'enregistrement, ile watu wanaita setifika, inayotolewa na konservateri wa hati za nyumba na udongo.

Karatasi zingine zina kazi yake, lakini si setifika. Fiche parcellaire inaonyesha kwamba kartye ama komini inakujua pale. Kontra ya location na Serikali ni mwanzo wa njia: unapewa muda wa kujenga, halafu wanakuja kuona kama umejenga. Livret de logeur ya zamani sheria haikuitupa: kwa Mcongomani aliye katika fasi iliyopimwa na kugawanywa, inaweza kumfungulia njia ya kupata haki ya bila mwisho. Lakini ni njia ya kwenda, si mwisho wa safari. Na karatasi ya mauzo iliyopigwa muhuri na shefu wa kartye inasema kwamba watu wawili walipatana. Haisemi kwamba yule wa kwanza alikuwa na haki ya kuuza.

Katika nyumba za kampi kuna swali la zaidi. Karatasi aliyopewa mfanyakazi na kampuni inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado hakuna setifika iliyokatwa kwa jina lake. Mtu ana haki ya kudai setifika, lakini bado hajaishika. Hiyo haimaanishi usinunue. Inamaanisha bei haiwezi kuwa ile ya nyumba yenye setifika, kwa sababu kazi na gharama za kuitafuta zitakuwa zako.

Setifika yenyewe iko na upande wa kuogopesha. Ikishatolewa inakuwa na nguvu sana, na baada ya miaka miwili ni vigumu kabisa kuivunja. Kwa mnunuzi wa kweli hiyo ni kinga. Kwa mjane ambaye nyumba yake imeuzwa kwa kificho na mnunuzi akakimbia kutoa setifika, miaka ile miwili inapita upesi. Mwenye kuona jambo kama hilo asingoje kikao cha familia cha mwaka ujao. Aende kwa konservateri na kwa tribinali mapema. Na kuuzisha nyumba isiyo yako ni kosa la jinai, «stellionat», linaloweza kumpeleka mtu gerezani mpaka miaka 5.

Kabla ya kutoa hata dola moja

Wakaaji wanaouliza wafanye nini, hizi ndizo hatua ambazo watu wa sheria wanarudilia.

Kwanza, ona mwenye nyumba uso kwa uso, na kitambulisho chake, si komisioneri tu. Jina la kitambulisho na jina la karatasi ya nyumba yawe moja. Kama si moja, karatasi nyingine iwepo ya kueleza kwa nini.

Pili, kama mwenyewe ameoa ama ameolewa, bwana na bibi wote wawili wakubali na watie sahihi. Kode ya familia inaomba hivyo kwa nyumba, hata kama jina la karatasi ni la mmoja.

Tatu, kama mwenyewe amekufa, omba kuona karatasi ya tribinali inayoonyesha ni nani warithi na ni nani likidatere, yule anayesimamia urithi. Likidatere hana mamlaka ya kula peke yake. Warithi wote watie sahihi, na walio mbali watume prokurasyon iliyopita kwa notere. Na ongea na mama mjane mwenyewe, nyumbani kwake. Kama watoto hawataki umwone, umeshapata jibu.

Nne, usishike fotokopi na kufurahi. Chukua namba ya parsele, nenda ofisi ya konservateri na ya kadastre, uombe waangalie katika vitabu vyao: jina ni la nani, kuna ipoteka, kuna kesi? Lipa kwa note de perception na ubaki na risiti.

Tano, uliza majirani. Jirani wa miaka 20 anajua watoto wangapi walizaliwa mule ndani. Uliza pia deni za Regideso na SNEL, maana deni inabaki kwenye mlango.

Sita, lipa mbele ya notere, kwa maandishi, na baki na sehemu ya feza mpaka karatasi zibadilishwe jina. Muuzaji akikwambia kwamba kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni na feza yote, mwache huyo wa jioni anunue. Katika soko lenye nyumba chache, haraka ndiyo silaha ya kwanza ya mwenye kudanganya.

Wengi wanaochoka na haya yote wanachagua njia nyingine: kununua kiwanja pembezoni mwa muji, kupiga matofali ya udongo wa kichuguu, kuyachoma, na kujenga chumba kimoja kimoja. Hiyo inapunguza shida ya warithi, lakini haiondoi ya karatasi. Kiwanja kilichotolewa na shefu wa kijiji bila kupita kwa kadastre kinaweza kuuzwa tena kesho, ama kukutwa ndani ya eneo la mine ama la reli.

Kitu gani kinaweza kubadilika

Tusidanganyane kwamba shida itaisha watu wakijenga nyumba mpya tu. Likasi iko na nyumba. Zimefungwa na urithi usiogawanywa na karatasi zisizomalizika.

Kwa hiyo mambo matatu madogo yangesaidia kuliko hotuba kubwa. Familia zifungue urithi mapema mbele ya tribinali, wakati mama yuko hai na watoto bado wanaongea, si wakati mnunuzi amefika mlangoni. Komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru zibandike ukutani kila nia ya kuuza nyumba, wiki kadhaa mbele ya kutia sahihi, ili mwenye neno aliseme. Kibao na msumari havigharimu sana. Na Serikali iweke gharama za setifika wazi, zionekane na kila mtu, maana mkaaji asiyejua bei anabaki mikononi mwa wanaojua.

Siku mjane wa Panda atakuwa na setifika yenye jina lake, hatahitaji kuandika chochote kwenye ukuta. Na siku akitaka kuuza, ataweka kibao mchana, watu wataona, bei itajulikana, na mnunuzi atalala usiku. Mpaka hapo, anayetafuta nyumba Likasi aanze na swali moja kabla ya kuuliza bei: nyumba hii iko na wenyewe wangapi?